Kioo cha kompyuta kinapepesa kila radi ikimulika (Ngaramtoni, Arusha): naomba tusaidiane kabla sijanunua kingine

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Nina stesheneri hapa Ngaramtoni: fotokopi, kuprinti, kuwajazia watu fomu mtandaoni. Nina kompyuta ya mezani moja, monita ya inchi 22, printa, na laptopu ninayokuja nayo kutoka nyumbani.

Tangu masika yaanze kuna kitu kinaninyima raha. Mawingu yakishajikusanya upande wa Meru na radi zikaanza kumulika, kioo kinaanza kupepesa. Mara kinachora mistari myeupe ya kulala, kama mtu kapitisha chaki. Mara kinakuwa cheusi sekunde mbili, kisha picha inarudi kama ilivyokuwa. Kompyuta yenyewe haizimi, feni inaendelea kuzunguka, na printa haijawahi kushtuka. Siku za jua kinakaa kutwa nzima bila kucheza hata mara moja.

Jumanne kulikuwa na mama namjazia mwanawe fomu ya chuo, siku ya mwisho ya maombi. Kioo kilizima mara tano. Yule mama kila kikizima alikuwa anashika kifua. Fomu ilikwenda, ila niliona aibu, maana watu wananiletea mambo yao ya maana.

Fundi niliyemwita alikitazama dakika kumi, akasema kioo kimekufa, ninunue kingine. Bei aliyonitajia ni kodi ya fremu ya mwezi mzima na zaidi. Moyo unakataa. Kioo kilichokufa kinajuaje kwamba kuna mawingu?

Nimeshabadilisha tundu la HDMI (la waya wa picha) nyuma ya kompyuta na kuhamisha plagi kwenda soketi nyingine. Bado. Aliyewahi kukutana na hili naomba anisaidie.

#2

Pole mkuu. Angalia draiva ya kadi ya picha, ile programu inayoiendesha. Kikianza kucheza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ile Task Manager itafunguka. Kama yenyewe inacheza pamoja na vitu vingine vyote, tatizo linaweza kuwa draiva. Kama yenyewe imetulia na vingine vinacheza, basi kuna programu inayosumbua.

#3 Mleta uzi

Asante mkuu. Nimeifungua leo kabla ya mvua. Vyote vimezima kwa pamoja na kurudi kwa pamoja. Draiva nimeiondoa na kuweka upya, radi ya saa kumi na moja ikaja na yale yale.

#4

Dada, usinunue kioo bado. Mimi ni fundi hapa Moshi, maeneo ya Majengo, tangu enzi za tivii za chogo, na kila masika naletewa vioo vizima ambavyo wenye navyo wameambiwa vimekufa.

Kioo kinachozeeka hakichagui hali ya hewa. Kapasita zake, vile vidude vya ndani vinavyotunza chaji, zikivimba kinasumbua asubuhi kikiwa bado cha baridi, hata jua likiwa linawaka. Taa zake za nyuma zikichoka kinafifia na hakirudi. Chako kinaenda na mawingu, kwa hiyo kinachokisumbua kinatoka nje na kinaingia kwa waya. Tutafute waya upi. Mezani kwako ziko njia tatu: waya wa umeme wa kioo, waya wa picha unaotoka kwenye kompyuta, na waya wowote unaotoka nje ya jengo na kuishia kwenye kompyuta, uwe wa intaneti, wa dishi au wa antena.

Panga haya mapema, mvua ikiwa bado haijafika, halafu utazame tu bila kushika kitu.

Siku ya kwanza iache kompyuta na kioo kama vilivyo. Pembeni weka laptopu, itumie betri, isiwe na chaji wala waya wowote. Hiyo haina njia ya kuletewa kitu kutoka nje, kwa hiyo ndiyo mizani yetu. Chukua daftari uandike: saa, kioo kilifanya nini, taa za dukani zilififia au hazikufifia, na kilicheza pamoja na mwanga, pamoja na ngurumo, au pamoja na upepo. Hayo matatu ni magonjwa tofauti. Mwanga unafika papo hapo, ngurumo inatembea kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kila sekunde 3. Kikicheza sawia na mwanga, ni nguvu ya radi inaingia kwenye waya fulani. Kikingoja ngurumo, kuna plagi legelege inayotikiswa. Kikicheza na upepo hata radi hakuna, tazama waya unaotoka nguzoni.

Siku ya pili chomoa waya wa picha, kioo kibaki na umeme peke yake. Kitatoa kile kiboksi cha kusema hakipati picha. Vioo vingi vinalala baada ya muda mfupi, basi fungua menyu yake kwa vitufe vya chini ya fremu. Kiboksi kikipepesa na radi, shida iko kwenye umeme wa kioo. Kikitulia, shida inapita kwenye waya wa picha.

#5

Naongezea la usalama na naomba lisipuuzwe. Mwanga ukimulika, hesabu hadi ngurumo. Ukipata chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na inayofuata inaweza kushuka hapo ulipo. Hapo vipimo vimekwisha, chomoa kila kitu mapema, na ukishachelewa usishike waya wala bomba la chuma. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Vipimo vya huyu mzee vifanyike kwa zile radi za mbali, zinazomulika upande wa Monduli na ngurumo yake husikii au inachelewa sana.

Na usifungue kioo. Kile cha zamani chenye taa za mirija kina volti mamia ndani yake, na kapasita zinabaki na chaji hata ukishachomoa.

#6 Mleta uzi

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Hii hapa kutoka daftarini:

10:12 jioni, mwanga upande wa Monduli, mistari. Taa shwari. Ngurumo sikusikia.
10:15, mwanga mdogo, hakuna kitu.
10:19, mwanga mkali, kioo cheusi sekunde mbili. Taa shwari. Ngurumo nilihesabu 34.
10:20, nimezima na kuchomoa vyote.

Kila mara kimecheza na mwanga, kabla ya ngurumo. Laptopu haikucheza hata mara moja, na zilikuwa zimekaa meza moja, hazijaachana hata futi mbili.

Jana nikachomoa waya wa picha na kufungua menyu. Nimehesabu miale tisa. Menyu imetulia tuli yote tisa! Kwa hiyo kioo ni kizima, sivyo mzee? Nilitamani nimpigie simu yule fundi hapo hapo.

Leo nimenunua waya mpya wa HDMI, ule mnene. Mistari imepungua, weusi bado upo.

#7

Dada, kuhusu waya wa picha nina ushuhuda, niko Njiro. Nina kiti cha kuzunguka, kile kinachopanda na kushuka kwa gesi. Nilikuwa nikiinuka tu, kioo kinazima sekunde mbili na kurudi. Nilihangaika miezi. Ni kwamba kile kiti kikiinuka kinatoa cheche ndogo ya umeme tuli ambayo hata huioni, na waya wangu wa bei rahisi ulikuwa unaidaka kama antena. Kompyuta na kioo vikipotezana hata kwa kitambo kidogo, vinaanza kusalimiana upya, ndizo zile sekunde mbili za weusi. Nilipoweka waya wenye wavu wa chuma ndani na kile kinundu cheusi karibu na ncha, yakaisha. Sasa kama cheche ya kiti inaweza, radi ya Monduli itashindwa?

#8

Marahaba dada. Ndiyo, kioo chako ni kizima, na kazi ya daftari umeifanya vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Sasa nijibu moja. Ukigusa boksi la chuma la kompyuta kwa mgongo wa mkono, hasa ukiwa pekupeku au na kandambili iliyolowa, unahisi kama siafu wanatembea?

#9 Mleta uzi

Mzee, umejuaje? Wateja wananiambia kila siku! Wakishika flashi kuichomeka wanasema "inawasha". Nilidhani ni unyevu wa sakafu, maana ni saruji tupu.

#10

Sakafu haina kosa. Huna athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini.

Ndani ya pawasaplai ya kompyuta, kile kisanduku kinachoigawia umeme, kuna kapasita mbili ndogo, moja imetoka laivu (waya unaoleta umeme) kwenda kwenye boksi, nyingine imetoka nyutro (waya wa kuurudisha) kwenda kwenye boksi. Kazi yake ni kumwaga makelele ya umeme ardhini kupitia athi. Athi ikikatika, boksi linabaki linaning'inia katikati, kwenye umeme wetu wa volti 230 linakaa karibu na 115. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unahisi siafu tu. Lakini ni taarifa kwamba siku kitu kikivuja kweli ndani ya hilo boksi, hakuna kitakachokuokoa. Kwa hiyo hili lirekebishwe hata kama kioo kisingekuwa kinacheza.

Na lina uhusiano na kioo. Wavu wa chuma wa waya wa picha umeshikana na boksi, boksi linatakiwa lishikane na ardhi. Bila ardhi, huo wavu nao ni antena, hata ununue waya wa laki.

Anza na ekstensheni. Chomoa, fungua plagi yake, hesabu nyaya.

#11 Mleta uzi

Mzee, nimefungua. Plagi ina miguu mitatu, ndani kuna nyaya mbili! Mguu wa juu, ule wa athi, hauna kitu, hata skrubu yake bado inang'aa, haijawahi kushika waya. Nimeitumia miaka mitatu. Na nikiri jambo jingine: chaja ya miguu miwili huwa naichomeka ukutani kwa kutanguliza kalamu kwenye tundu la juu. Watu wote wa hapa tunafanya hivyo. Nimeacha leo.

Nimenunua ekstensheni yenye nyaya tatu, nimefungua mbele ya muuzaji na kuhesabu. Nimerudi nayo, nimechomeka, nimegusa boksi. Siafu bado wapo.

#12

Samahani naingilia, nipo Kiborloni, Moshi. Yangu yalikuwa ya upepo. Kaskazi hata bila wingu, balbu za sebuleni zinafifia, za chumbani zinawaka kupita kiasi, kioo kinacheza kama mshumaa. Kumbe waya wa nyutro pale nguzoni ulikuwa umelegea, na tawi la mgrevilea linauchezesha. Watu wa dharura wa umeme walipanda, wakafungua, ile sehemu ya kuunganishia ilikuwa imeungua nyeusi. Wakabadilisha, kimya hadi leo.

Nayasema kwa sababu kuna mtu atasoma uzi huu na ana ugonjwa wangu, si wa huyu dada. Kama taa zako nyingine zinafifia na nyingine zinazidi mwanga kwa wakati mmoja, zima meni swichi upige simu ya dharura siku hiyo hiyo. Kwenye nyumba ya fezi tatu, nyutro ikikatika kabisa soketi zinaweza kupanda kuelekea volti 400, na hapo friji, tivii, chaja, vyote vinakwenda. Wala usimlipe kijana apande nguzo. Ile si sehemu yetu ya kugusa.

#13

Mchangiaji wa Kiborloni kasema vizuri, na taa za dada zilikuwa shwari muda wote, ndiyo maana sikumpeleka nguzoni. Dada, kama ukutani napo hakuna athi, mwite fundi umeme mwenye leseni na mita. Apime laivu na nyutro, laivu na athi, nyutro na athi. Akimaliza mwambie akuonyeshe nondo ya athi, ile inayogongomewa ardhini, iko wapi. Si akuambie, akuonyeshe.

#14 Mleta uzi

Mrejesho, wakuu. Nimechelewa kwa sababu nilitaka niwe na jibu kamili.

Fundi amekuja Jumamosi asubuhi. Laivu na nyutro 231. Laivu na athi 118, na namba inatangatanga, haitulii. Akasema, "Mama, hapa athi ni jina tu." Tukatoka nyuma ya jengo. Waya wa kijani na njano umeshuka ukutani kutoka kwenye meni swichi, umepita chini ya bomba la maji, umeingia kwenye kichaka cha magimbi. Akaushika kwa vidole viwili akauvuta, ukatoka wote. Mwisho wake hakuna kitu, shaba imeliwa imegeuka unga wa kijani. Nondo tuliipata hatua moja pembeni, imelala chini ya udongo kama mzizi. Nikakumbuka mwaka juzi vijana walichimba shimo la maji machafu pale pale. Waliing'oa, wakafukia, wakaenda zao. Mwenye nyumba alikuja akasimama anaangalia, hakusema kitu, akaingia mfukoni akatoa hela ya nondo mpya.

Wameigongomea nyingine upande wenye unyevu, klampu mpya ya shaba, waya mpya. Akapima tena: laivu na athi 230, nyutro na athi volti moja na kidogo. Nikagusa boksi kwa mgongo wa mkono. Hakuna siafu. Nimegusa mara nne, nimemwita na jirani wa duka la dawa naye aguse.

Jioni ile radi zilikuja. Mistari hakuna kabisa. Lakini weusi ukatokea mara moja, mwanga mmoja mkubwa sana. Nikavunjika moyo kidogo, nisiwafiche.

#15

Usivunjike moyo. Umebakiza njia ya tatu. Intaneti yako inaingiaje?

#16 Mleta uzi

Kuna kisahani kwenye mlingoti wa bomba juu ya paa, waya wa mtandao unashuka ukutani hadi kwenye ruta mezani, na kutoka kwenye ruta waya mfupi unaingia nyuma ya kompyuta.

#17

Basi ndiyo huo. Umeweka waya wa shaba wa mita kumi na kitu juu ya paa, chini ya mawingu, na ncha yake umeichomeka kwenye kompyuta. Radi haihitaji kuupiga. Ikishuka mbali, uwanja wake unazalisha msukumo kwenye kila waya mrefu ulioko eneo lile, na msukumo huo unatafuta pa kutokea. Kwako ulikuwa unapita kwenye ruta, unaingia kwenye kompyuta, unatokea kwenye waya wa picha. Athi mpya imekula sehemu kubwa, iliyobaki ndiyo ile uliyoiona.

Chomoa waya mfupi kati ya ruta na kompyuta, tumia Wi-Fi hata kwa kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Shaba ikikatika, njia imekatika. Na mlingoti uunganishwe na nondo hiyo hiyo ya nyumba, usichimbiwe yake peke yake, maana ardhi mbili zisizoshikana zinaachana volti wakati wa radi, na vifaa vyako ndivyo vinakuwa daraja.

#18

Mzee na mimi niulize. Si angenunua tu UPS, lile boksi la betri, au ile ekstensheni ya kuzuia shoti?

#19

UPS ni nzuri, anunue akipata, umeme ukikatika hatapoteza kazi. Lakini isingetibu hili. Zile za kawaida zinapitisha umeme wa ukutani moja kwa moja, zinahamia betri umeme ukishuka, na shida yake haikupita kwenye soketi. Ekstensheni ya kuzuia msukumo ndani ina kidonge kinachomwaga umeme uliozidi kwenda nyutro na athi. Dukani kwake hiyo athi haikuwepo, sehemu ya kazi yake ingekuwa imekufa siku ya kwanza. Tena kidonge kinachoka kwa kila msukumo, na taa ya swichi inaendelea kuwaka kana kwamba kizima.

Na radi ikishuka jirani, mmweko mmoja unabeba mkondo wa ampia kama 30,000. Hakuna kifaa cha mezani cha kubishana na hiyo. Plagi itoke ukutani, na waya wa paa nao utoke.

#20 Mleta uzi

Mrejesho wa mwisho. Wi-Fi imewekwa, mlingoti umeunganishwa, kazi ya saa moja. Gharama zote, ekstensheni, waya wa HDMI, kidude cha Wi-Fi na ufundi, hazijafika nusu ya bei ya kile kioo nilichoambiwa ninunue. Nondo alilipa mwenye nyumba.

Jana jioni mvua ilitoka mlimani kwa kasi. Kulikuwa na binti anaprinti barua za kuomba kazi, nakala kumi na mbili. Radi ya kwanza, nikahesabu 41, kioo tuli. Ya pili 33, kioo tuli. Binti anaongea, mimi macho yako kwenye kona ya kioo ambako weusi huwa unaanzia. Hakuna kitu. Ya tatu nilihesabu saba. Kilomita mbili na kitu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tusubiri." Nikatoa plagi ukutani, nikatoa waya wa paa kwenye ruta, tukakaa mlangoni tunaangalia maji yanavyoshuka barabarani. Ngurumo ya mwisho ilikuwa saa 11:20. Saa 11:50 nikawasha, tukamalizia nakala tano zilizobaki.